Jioni Mjomba Alipomjua Pollack

Habari ya kifo cha Sydney Pollack, mwelekezi wa filamu wa Marekani, ilitufikia Nairobi mwishoni mwa Mei 2008, na mjomba aliipokea kama msiba wa nyumbani. Pollack alipokuja Kenya kupiga Out of Africa, mjomba alikuwa miongoni mwa vijana waliochukuliwa kujaza barabara za ile Nairobi ya kale iliyojengwa kwa ajili ya filamu. Anaonekana mgongo tu, tena ukikodoa macho. Filamu ilipozoa Oscar 7, ikiwemo ya mwelekezi bora, alihesabu kwamba moja ni yake.

Wakati huo nilikuwa nikisimamia duka la kukodisha DVD. Jioni ile akaja, akataka tuiweke tena.

"Leo hapana, mjomba. Leo ni Tootsie, nayo ni ya Pollack."

Kusema kweli, nilikuwa nimechoshwa na Denys, yule mpenzi wa Out of Africa, na ndege yake. Huku kwetu Pollack ni vilima vya Ngong, basi, ilhali alianzia kwenye uigizaji New York, akifundishwa na Sanford Meisner hadi akawa msaidizi wake darasani. Halafu akaelekeza vipindi vya televisheni kama Ben Casey, na filamu ya sinema ya kwanza akaipata 1965. Nilitaka mjomba aone matunda ya darasa lile.

Ikafika pale Dustin Hoffman, anayeigiza mwigizaji aliyejifanya mwanamke, ndani ya gauni na wigi, anamketia mkahawani ajenti wake wa kumtafutia kazi na ajenti hamtambui. Mjomba alicheka hadi akakohoa. Nikasimamisha picha.

"Huyo ajenti unamjua?"

"Nimjulie wapi?"

"Ndiye Pollack."

"Wacha mchezo!" Akasogea, pua karibu iguse kioo.

Nikamweleza kwamba mwenyewe hakutaka kuigiza. Hoffman ndiye aliyemganda, hata akamtumia maua kwa jina la Dorothy, yule mwanamke anayemwigiza. Wawili hao walibishana sana wakati wa kazi, na mimi naona ndiyo maana magombano ya ajenti na mteja wake yana makali vile.

Mjomba alitaka tuirudie sehemu hiyo, kisha tena. Mwishowe akawa kama amekasirika.

"Muda wote ule alikuwa hapa, na hakuna aliyetuambia kwamba mzee ni mchekeshaji! Kuna nyingine?"

Nikampa Michael Clayton ya 2007, ambamo Pollack ni bosi wa mawakili. Haikurudi dukani.