Siku niliyopigia kura kosa la kufuru
Tarehe 26 Oktoba 2018, hapa Ireland, nilipewa karatasi mbili za kura: moja ya rais, nyingine ya kuuliza kama kosa la kufuru liondolewe kwenye Katiba. Mimi ni mtu wa kanisa, tena wa misa ya asubuhi. Nikapiga Ndiyo. Sheria ya 2009 ilitishia faini ya hadi yuro 25,000, ila hakuna aliyewahi kutozwa. Mwaka 2017 polisi walimchunguza mchekeshaji Mwingereza Stephen Fry kwa aliyoyasema kuhusu Mungu kwenye televisheni, wakaacha kwa kukosa watu wa kutosha waliokasirika. Nilicheka peke yangu ndani ya basi! Karibu asilimia 65 tulisema Ndiyo. Mama mkwe alipiga Hapana. Jumapili tukakaa benchi moja kama kawaida.