Karatasi Mbili za Bweta la Babu

Nyumbani kwetu Ng'ambo, Unguja, tulikua tukiambiwa kuwa bibi yake babu alitoka Maskati, akateremka Forodhani na masanduku yake na wajakazi. Kila arusi hadithi hiyo ilitolewa, tena kwa majigambo. Babu alipofariki mwaka 2009, mama mkubwa alifungua bweta lake kutafuta hati ya nyumba, akakuta chini kabisa karatasi mbili za Kiarabu, pembe zimeliwa na mende.

Akaitwa maalim mmoja, mzee aliyewahi kuwa karani wa mahakama ya kadhi. Akaitandaza ya kwanza mezani, akaigandamiza kwa bilauri mbili. Akasoma bismillahi, akasoma tarehe: Rabiul-awwal 1309, kwa hesabu ya kizungu Oktoba 1891. Alipofika kwenye jina la mnunuzi akasita. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu.

"Endelea, maalim," mama mkubwa akamwambia. "Usinichagulie."

Jina la bibi silitaji hapa, mama mkubwa kaniomba. Ameandikwa "binti Abdallah", kama walivyoandikwa wengi ambao baba zao hawakujulikana, na mbele yake kwamba ameachwa huru na bwana mmoja wa mjini. Maskati haimo. Kilichomo ni kibanda cha makuti alichokinunua kwa riale 25, na mipaka yake: kibla, yaani kaskazini, njia; suheli, kusini, nyumba ya fundi mshoni; matlai, mashariki, mnazi; magharibi zizi la ng'ombe. Ardhi si yake, kibanda tu. Binamu yangu akaanza kulia. Na mie nilikuwa karibu, kwa fahari zaidi kuliko huzuni, maana mwanamke aliyetoka utumwani kuwa na mlango wake mwenyewe si jambo dogo.

Ndipo maalim akafungua ya pili. Shaaban 1314, Januari 1897. Mwenye kuandikisha ni bibi yetu yule yule, na anamwacha huru mjakazi wake kwa ajili ya Mwenyezi Mungu.

"Mjakazi wake? Yeye?" Machozi ya binamu yalikauka hapo hapo.

Maalim hakushangaa. Unguja ya siku zile, alisema, aliyeachwa huru akipata chochote naye alinunua mtu, kama walivyofanya wakubwa. Amri ya Sultani wa Unguja, Sayyid Ali bin Said, ya 1890 ilishakataza kuuzana, kwa hiyo ama alimpata kabla ya hapo, ama kwa magendo. Na miezi mitatu baada ya karatasi ile, tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Sayyid Hamoud akatoa amri ya kufuta utumwa mbele ya sheria, na wenye watumwa wa halali wakaruhusiwa kudai fidia.

Mama mkubwa akalidaka hilo. "Umeona? Hakungoja pesa."

"Au aliumwa, akaogopa kufa na mtu shingoni," binamu akasema. Mie naelemea upande wa binamu.

Nikamuuliza maalim kwa nini karatasi ya mjakazi ihifadhiwe kwetu miaka yote hiyo. Akanieleza habari ya walaa: mtumwa aliyeachwa huru akifa bila mrithi, mali yake humwendea aliyemwacha huru, au watoto wa kiume wa huyo aliyemwacha. Wazee wetu waliiweka ili siku moja waweze kumrithi.

Mama mkubwa akataka kujua jina la mjakazi. Maalim akalisoma, na sote tukatazamana. Kila hitma ya nyumbani jina hilo husomwa la pili katika marehemu wetu, likifuatia la bibi mwenyewe. Siku zote tukiambiwa ni mdogo wake.

"Aliacha watoto?" binamu akauliza.

"Hilo mkatafute Nyaraka za Taifa, kule Kilimani," maalim akajibu, akizikunja karatasi. "Na mkimpata mjukuu wake, jitayarisheni. Naye atakuwa na ya kuuliza."