Duara la koridoni, na ushauri wa rula uliotumalizia rangi

Atakayekwambia duara linaloonekana zima ukisimama mahali pamoja tu huchorwa kwa rula na karatasi ya miraba, usimsikilize. Mimi niliambiwa hivyo na watu wazima wa kazi ya rangi.

Nilitaka kitu kama anachofanya Felice Varini, msanii Mswisi aishiye Paris. Ukitembea unaona vipande vya rangi vimetapakaa ukutani na darini; ukifika mahali pamoja tu, vyote vinaungana kuwa umbo moja linaloelea hewani. Mwaka 2018 alizungusha maduara ya manjano kwenye kuta na minara ya ngome ya Carcassonne, Ufaransa. Mimi nilikuwa na korido ya ukumbi wa vijana hapa Tanga, yenye nguzo mbili.

Miraba inafaa ukuta mmoja ulionyooka. Koridoni nguzo iko karibu, mlango uko mbali, plasta ina mabonde. Tulipomaliza kupaka, duara lilikatika kwenye kila nguzo kama sahani iliyovunjika ikagandishwa vibaya. Tukakwangua yote.

Kilichofanya kazi ni projekta ya kukodi. Lenzi ikae palepale macho ya mtazamaji yatakapokuwa, kwa kimo kilekile, si chini mezani. Zima taa, rusha picha ya duara, fuata ukingo wa mwanga kwa penseli. Kwenye ukuta wa pembeni upinde ulirefuka kunizidi kimo, na msaidizi wangu akataka kuunyoosha. Nikamkataza: mwanga ukisema pinda, pinda.

Shida ni kwamba projekta huonyesha vizuri kwa umbali mmoja. Nguzo ya karibu ilipata ukungu. Hapo nikatoboa tundu kwenye kipande cha boksi, nikakifunga lenzi ilipokuwa, nikachungulia kwa jicho moja huku msaidizi akisogeza penseli: "Juu kidogo... hapo hapo!" Jicho moja, kwa sababu macho mawili hupokea picha zinazotofautiana kidogo, na ubongo huitumia tofauti hiyo kupima umbali. Ndiyo maana kwenye kamera ya simu duara linatulia kuliko kwa macho. Lilipofunga, nilipiga kelele koridoni.

Watoto wawekee kibao cha kupanda, la sivyo wataona vipande tu. Na rangi iwe isiyong'aa. Ya mafuta hudaka taa, na nguzo zinajitokeza tena.