Safari ya Akeri na Deni la Ng'ombe

Katika usharika wetu wa Moshi tumezoea kuwataja Ewald Ovir na Karl Segebrock, wamisionari wa Kilutheri wa misheni ya Leipzig, Ujerumani, waliouawa Akeri, chini ya Mlima Meru, Oktoba 1896, na kwa sababu hiyo niliamua kwenda kuona mahali penyewe. Konda alinitoza nauli kamili kisha akanikalisha kwenye kigoda katikati ya viti, magoti yakigusa kidevu, na pembeni yangu alikaa mzee wa Kimeru aliyetaka kujua ninakwenda wapi.

Nilipomweleza, alicheka. "Mwanangu, wewe Mchagga unakwenda kulilia wafiadini, na ng'ombe zetu mtazirudisha lini?"

Abiria waliangua kicheko nami nikacheka, ingawa nilijua hakuwa akitania tu. Baada ya mauaji yale, Kapteni Johannes wa jeshi la Wajerumani alikuja kulipiza kisasi akiwa na mashujaa wengi wa Kichagga, wakawaua Wameru na Waarusha na kuswaga mifugo yao. Mzee alisema kwamba babu zake hawakumchukia Kristo, ambaye hata habari zake walikuwa bado hawajazisikia vizuri. Waliona hema la Mzungu, wakajua nyuma yake inakuja bunduki. Nilimjibu kwamba wamisionari wale hawakuwa askari. "Nani angewaambia hivyo usiku ule?" aliuliza, na mpaka tunafika Usa River sikuwa na jibu, wala yeye hakuacha kunipigapiga begani kila nilipojaribu.

Mwenye bodaboda alidai fedha ambayo kwetu ingenifikisha Marangu na kunirudisha, nami nikalipa kwa kuwa jua lilikuwa kali.

Nikiwa Akeri niliwaza zaidi habari za Wachagga waliofuatana na wamisionari kutoka Kilimanjaro na kuuawa pamoja nao. Hao hawakutumwa na serikali yoyote, walikuja kubeba mizigo na kujenga, lakini nyumbani tunawaita "wenzao" tu, kana kwamba hawakuwa na mama waliowangoja. Na Wameru, walioonja kisasi hicho, waliwapokea wamisionari wengine Nkoaranga mwaka 1902, jambo ambalo sijui kama sisi tungeliweza.

Jumapili nitamwomba mchungaji tutafute majina ya Wachagga hao Machame, ambako misheni ya Leipzig ilianza mwaka 1893. Habari ya ng'ombe nitaileta pia, hata kama wazee watanuna.