Siku moja maishani mwangu: mvua ya Julai

Saa 11:40 alfajiri

Simu imelia kabla sijaamka vizuri. Ni dogo wetu wa fildi, mwanafunzi aliye kwenye mafunzo kwa vitendo: "Shikamoo dada. Chati imetoka lakini haina kitu." Ameambatanisha picha. Nimeikuza kwa vidole viwili, nikaikuza tena. Nyeupe tupu, kama shuka la hoteli. Nikamjibu marahaba, nikajifunika dakika kumi ambazo hazikuleta usingizi wowote.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: nipo Dodoma, kwenye mradi mdogo wa kilimo unaokusanya vipimo vya mvua vijijini. Kila kijiji kina kipima mvua na mtu mmoja anayekisoma kila asubuhi na kuandika kwenye daftari. Namba zinaingizwa kwenye Excel, kisha zinakuja kwangu. Mama yangu akiulizwa mwanao anafanya kazi gani, anasema "anachora mvua", na sijawahi kupata jibu zuri kuliko hilo. Nachora kwa Python, lugha ya kuiandikia kompyuta maagizo, kwa maktaba yake ya michoro (mkusanyiko wa maagizo yaliyoandikwa tayari) inayoitwa Matplotlib. Kesho asubuhi kuna kikao na viongozi wa vijiji kabla ya msimu kuanza, kwa hiyo chati lazima zichapwe leo.

Saa 2:05 asubuhi

Dogo amefika kabla yangu, na anaonekana hajalala. Nimeufungua msimbo wake nikacheka, maana kosa hilo nami nimelifanya, tena mbele ya watu. Ameandika plt.show, yaani onyesha mchoro, halafu chini yake plt.savefig, yaani uhifadhi.

Nikamweleza hivi: plt, jina la mkato la Matplotlib kwenye msimbo, ina tabia ya kukumbuka mchoro ulioko mezani. Huutaji kwa jina. Unasema chora, nayo inachora kwenye huo huo. Tabia hii inatokana na John Hunter, mtafiti wa ubongo aliyeitoa Matplotlib mwaka 2003. Alikuwa anachunguza mawimbi ya umeme ya ubongo wa wagonjwa wa kifafa, akataka Python imchoree kwa namna aliyoizoea kwenye MATLAB, programu ya hesabu na michoro. Hunter alifariki mwaka 2012, lakini meza yake bado tunaitumia. Sasa ukiita show, dirisha linafunguka, unatazama, unalifunga, na mchoro unaondoka mezani. Savefig inakuja nyuma inakuta meza tupu, inatandika karatasi mpya, inahifadhi hiyo karatasi. Haikudanganyi. Umeiambia ihifadhi, imehifadhi.

Tumehamisha mstari mmoja juu ya mwenzake. Picha ikaja. Dogo akapiga meza kwa furaha, chai ikamwagika.

Saa 3:00 asubuhi

Picha imekuja, ila chini ya mhimili mlalo kuna mstari mweusi mnene, kama siafu wanaohama. Ukiusogelea unaona ni maandishi: tarehe 365, moja juu ya nyingine. Hii maana yake Matplotlib haijui kwamba zile ni tarehe. Imepewa maneno, na kila neno inalipa nafasi yake na lebo yake, kama majina ya watu kwenye foleni.

Dawa yake naijua. Nimefungua faili langu la Septemba, nikanakili mstari wenye pd.to_datetime, agizo la pandas (maktaba ya Python ya majedwali) linalogeuza maneno kuwa tarehe, nikaubandika kwa dogo. Siafu wametawanyika. Chini ya msimbo kimetokea kisanduku cha maandishi mekundu, nikakipita. Maandishi mekundu kwenye Jupyter, ukurasa tunaoandikia msimbo, ni kama honi za bodaboda: ukigeuka kila ikilia, hufiki uendako.

Saa 4:15 asubuhi

Sasa miezi. Ukiiomba majina ya miezi, Matplotlib inaandika Apr, May, Jun, na wazee wetu kwenye kikao hawana shida na Jun ila "May" wanaisoma kama jina la mtu. Unaweza kuiagiza kompyuta itumie lugha ya mahali, lakini kila mashine ina namna yake ya kuiita hiyo lugha, na mashine ya ofisi iligoma mwaka jana, sijaibembeleza tena. Nimeandika orodha kwa mkono: Jan, Feb, Mac, Apr, Mei, Jun, Jul, Ago, Sep, Okt, Nov, Des. Halafu MonthLocator inaweka alama mwanzo wa kila mwezi, na FuncFormatter inaitazama kila alama, inauliza wewe ni mwezi wa ngapi, inachukua jina kwenye orodha. Mistari minne. Dogo ameinakili kwenye daftari lake la karatasi, jambo lililonifurahisha sana.

Saa 5:30

Bosi amepita. Anataka joto liwe kwenye chati hiyo hiyo ya mvua. Mihimili miwili ya wima, milimita kushoto, nyuzi joto kulia. Kiufundi ni agizo moja tu, twinx. Mimi binafsi siipendi chati ya mihimili miwili, kwa sababu ukinyoosha mmoja na kuubana mwingine unaweza kufanya vitu viwili vyovyote vionekane vinatembea pamoja, hata bei ya nyanya na urefu wa mtoto. Nimesema hivyo kwa adabu. Bosi amesema sawa, weka joto.

Nimeweka. Kisanduku cha ufunguo, kile kinachosema rangi ipi ni ya nini, kikaonyesha mvua peke yake. Ndivyo ilivyo: ile mihimili miwili ni nyumba mbili zilizojengwa kwenye kiwanja kimoja, kila moja na ufunguo wake. Inabidi ukusanye alama za nyumba ya kwanza na za ya pili, uziunganishe, kisha uite legend mara moja. Dakika arobaini zimekwenda hapo, nyingi kwa sababu ufunguo ulikuwa unakaa juu ya nguzo ya Januari.

Halafu rangi za ile chati ya pili, ya vijiji vyote kwa wiki, vyumba vidogo vidogo vya rangi. Bosi anataka zile za upinde wa mvua. Hapa nimekataa, na nina sababu: chati itachapwa kwa rangi nakala moja, zilizobaki ni fotokopi. Ile rangi ya zamani ya Matplotlib, jet, inaanza na bluu iliyoiva na kuishia na nyekundu iliyoiva, na kwenye fotokopi zote mbili zinakuwa kijivu cha giza. Yaani kijiji kikavu kuliko vyote na kile chenye mvua kuliko vyote vinafanana. Toleo la 2.0 la mwaka 2017 lilileta viridis kuwa rangi ya kawaida, na yenyewe inatoka gizani kwenda kwenye mwanga bila kurudi nyuma. Nikapeleka moja kwenye mashine ya fotokopi, nikamwonyesha bosi. Akaguna, akaondoka. Guno la bosi wetu ni ndiyo.

Saa 7:10 mchana

Ugali na mlenda kwa mama ntilie. Sitaongeza.

Saa 8:00 mchana

Bwana shamba wetu amerudi kutoka Chamwino akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Ni mtu mzima, amebakiza miaka miwili kustaafu. Nikampa shikamoo na chati, nikisubiri sifa. Mzee akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho.

"Mwanangu, hii mvua ya Julai umeileta wewe?"

Nikatazama. Kweli, Julai ina vinguzo vitatu, kimoja kikubwa kidogo. Nikajitetea: jumla ya mwaka ni milimita 548, nimeihakiki, inalingana na daftari mpaka tone la mwisho.

"Jumla mimi sijui. Julai huku kuna upepo na vumbi. Tukiona wingu zito Julai, tunaitana nje tulitazame."

Saa 8:30

Kwanza nilimshuku msomaji wa kipimo. Halafu Excel. Halafu, nakiri, nilimshuku dogo. Nimefungua picha ya daftari, ukurasa wa Julai: sifuri, sifuri, sifuri, kuanzia juu hadi chini, mwandiko uleule wa kuchoka.

Nikarudi kwenye chati nikaibana kwa set_xlim ionyeshe Julai peke yake. Vinguzo viko tarehe 2, 3 na 12. Kuanzia tarehe 13 hakuna kitu hadi mwisho wa mwezi. Nikahamia Agosti: 1, 3, 4. Juni: 1, 2 na 12. Kila mwezi wa kiangazi una mvua yake, na mwezi wowote ule mvua hiyo haivuki tarehe 12. Nikahamia Januari, mwezi wa mvua kubwa, nikakuta tarehe 5 hadi 10 kavu kabisa.

Moja, mbili, tatu, nne, kumi na mbili. Nimezihesabu kwa vidole mezani kama mtoto. Mvua za Dodoma ni Desemba hadi Aprili. Mwezi wa 12, wa 1, wa 2, wa 3, wa 4.

Zile hazikuwa tarehe. Ilikuwa miezi.

Daftari letu linaandika 07/03/2022, tarehe 7 Machi, kama anavyoandika kila mtu hapa. Pandas usipoiambia kitu inafuata desturi ya Wamarekani, mwezi unatangulia, kwa hiyo ikasoma mwezi wa 7, tarehe 3. Ikifika 25/03 inakuta hakuna mwezi wa 25, inageuza yenyewe na kupatia. Siku 13 na kuendelea ziko salama. Siku za 1 hadi 12 zimebadilishana viti: 7 Machi imekaa kwenye kiti cha 3 Julai, na 3 Julai kwenye kiti cha 7 Machi. Hakuna kiti kilichobaki wazi, wala siku mbili zilizobanana kwenye kimoja. Ndiyo maana jumla ilibaki 548, nami nikajiona nimehakiki.

Nikapandisha ukurasa hadi kwenye kile kisanduku chekundu cha saa 3. Kilikuwa kinasema jambo hilohilo, kwamba tarehe zinasomwa kwa mpangilio mchanganyiko, taja mpangilio. Mashine hii ina pandas 1.5, ambayo inaonya tu na kuendelea. Toleo la 2.0, la mwaka 2023, lingegoma palepale kwenye tarehe 13 Januari.

Dawa: format='%d/%m/%Y', yaani siku, mwezi, mwaka. Herufi chache. Julai ikawa nyeupe.

Saa 10:20 jioni

Kuchora upya vijiji vyote 34 kwa mzunguko mmoja. Kwenye cha 21 Matplotlib ikaonya kwamba michoro zaidi ya 20 iko wazi. Safari hii nilisoma kila neno. Nikaongeza plt.close, inayofunga mchoro uliokwisha, mwisho wa mzunguko, feni ya kompyuta ikanyamaza. Picha za kawaida zinatoka inchi 6.4 kwa 4.8, nukta 100 kwa inchi, ukizichapa zinafifia; nimeweka dpi=300, na bbox_inches='tight' ili kichwa cha chati kisikatwe nywele.

Mzee amepitia zote 34 amesimama, mfuko begani. Mbili amezitazama mara mbili. "Haya, hii ndiyo Dodoma," akasema, akaenda kuwahi daladala.

Saa 3:15 usiku

Nimeoga, nimekula, nimepanda kitandani, ndipo nimekumbuka ule mstari nilikoutoa. Faili la Septemba. Ripoti ya Septemba, ambayo imeshakwenda kwa wafadhili, jumla za mvua kwa mwezi.

Nimewasha kompyuta kitandani. Ukurasa wa 9. Kati ya Juni na Agosti kuna kinguzo cha Julai, milimita 22, kimepakwa bluu nzuri kabisa, na juu yake nimekiandikia namba kwa mkono wangu.

Nimemwandikia bosi: "Shikamoo bosi. Samahani kwa usiku. Ile ripoti ya Septemba, kuna mvua naomba niiondoe."

Tiki mbili. Bado hazijawa bluu.