"Ndiyo" ya mgonjwa kwenye dodoso ina maana gani?

"Je, hujasahau kumeza dawa wiki hii?" Mgonjwa mmoja anajibu "ndiyo", akimaanisha ndiyo, sijasahau. Wa pili naye anajibu "ndiyo", akimaanisha ndiyo, nimesahau. Kwenye fomu zote mbili imeandikwa ndiyo, na mmoja wao atahesabiwa kinyume. Swali la kukanusha ni mtego mkubwa kwenye dodoso la Kiswahili la kupima jinsi mgonjwa anavyojitunza. Liulize hivi: "Katika siku 7 zilizopita, ni siku ngapi ulimeza dawa kama ulivyoelekezwa?" Jibu ni namba, 0 hadi 7. Na useme "siku 7 zilizopita", maana "wiki iliyopita" wengine huihesabu kuanzia Jumatatu hadi Jumapili.

Kama unatafsiri dodoso lililotungwa kwa lugha nyingine, kabla ya kugusa neno lolote, tafuta ruhusa. PAM, kwa mfano, dodoso la kupima jinsi mgonjwa anavyoweza kusimamia afya yake, haitumiki bila leseni, na wenye dodoso wana haki ya kukataa usibadilishe swali. Kisha watafsiri wawili wafanye kazi kila mmoja peke yake, mmoja akiwa anaijua afya na mwingine asiijue kabisa. Huyu wa pili ndiye atakayeandika kama watu wanavyosema. Tafsiri mbili ziunganishwe kuwa moja. Wengine wawili, ambao hawajaliona dodoso la asili, wairudishe kwenye lugha ya awali, halafu kamati ikae na matoleo yote mezani.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Tafsiri iliyorudishwa inaweza kufanana na ya asili neno kwa neno na swali bado likawa bovu. "Mazoezi ya mwili" yanarudi salama kabisa. Ila anayetembea saa nzima kila siku atajibu siku 0, kwa sababu kwake mazoezi ni kukimbia na kuruka kamba. Taja kutembea, kulima na kazi nzito za nyumbani ndani ya swali lenyewe. "Daktari" naye kwa wengi ni yeyote aliyewahudumia, awe muuguzi au mfamasia. Kama unamtaka daktari hasa, eleza.

Mizani ya majibu ichunguzwe peke yake. "Mara kwa mara" kuna wanaoisikia kama mara nyingi, na kuna wanaoisikia kama mara mojamoja. Andika kila jibu kwenye kadi, zichanganye, mwombe mgonjwa azipange kuanzia chache hadi nyingi. Asiyesoma vizuri asomewe. Kadi zikipishana kwa watu wawili kati ya kumi, badilisha neno.

Halafu jaribu dodoso zima kwa watu 30 hadi 40 wenye ugonjwa wenyewe. Kila baada ya swali uliza: "Hapa umeelewa unaulizwa nini? Nieleze kwa maneno yako." Na: "Umefikaje kwenye jibu hilo?" Kumuuliza "umeelewa?" hakusaidii, kila mtu atasema ameelewa. Anayeuliza asiwe yule anayempa dawa, kwa sababu mgonjwa atamjibu yale anayodhani yatamfurahisha.

Takwimu zije mwisho. Kwa uchambuzi wa vipengele, yaani hesabu ya kuona maswali yapi yanakwenda pamoja, COSMIN, mwongozo wa kimataifa wa ubora wa vipimo vya afya, unataka angalau watu 7 kwa kila swali, na jumla isipungue 100. Alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha jinsi majibu ya maswali yanavyoendana, ikiwa chini ya 0.70, maswali hayashikamani, ikipita 0.95, pengine unauliza jambo lilelile mara tatu. Alfa nzuri haithibitishi kwamba maswali yote yanapima kitu kimoja. Ili kuona kama majibu yanabaki yaleyale, rudia dodoso baada ya wiki mbili hivi, kwa wale tu ambao hali yao haijabadilika. Zaidi ya 15% wakipata alama ya juu kabisa, dodoso halitaonyesha nafuu ya mtu yeyote kati yao.

Na tafadhali, weka kisanduku cha "hainihusu". Swali la siku ngapi umepima sukari nyumbani likimfikia mtu ambaye hana kipimo, au hakuagizwa apime, atajibu 0. Bila kisanduku hicho, anaingia kwenye hesabu kama mzembe, sawa na aliye na kipimo kabatini na hakigusi.