Kava iliyochemka

"Baba, unaoka chuma?"

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, kiganja puani. Harufu ndiyo iliyomleta: mafuta ya injini ya miaka mingi, yakitoka polepole kwenye kava ya tapeti, kile kifuniko cha juu ya injini, niliyoiweka ovenini. Nikamwambia asimame mbali, moshi ule si wa kuvuta, na oveni ile si ya chakula, haitakuwa ya chakula kamwe.

"Si uliiosha asubuhi?"

Niliiosha. Sabuni, maji ya moto, brashi, kisha nikaisuuza na kuikausha. Lakini alumini ya kumiminwa ina vitundu ambavyo jicho halivioni, na mafuta yaliyoingia humo hayatoki kwa brashi. Rangi ya unga, ile inayopulizwa ikiwa kavu kisha ikaokwa, huiva kwenye nyuzijoto 180 hadi 200 hivi. Ukiipaka kava kabla hujayafukuza mafuta, yatatoka rangi ikiwa inayeyuka, na utabaki na malengelenge. Kwa hiyo unaioka kwanza ikiwa tupu, joto likizidi kidogo lile la kuivisha rangi, mpaka moshi ukome.

"Nani alikufundisha?"

Nikamjibu: mzee wa karakana. Yeye akaridhika, mimi sikuridhika. Usiku mzima nilikuwa na ile kava nyingine kichwani.

Nilikuwa bado mgeni karakanani. Injini ilikuwa ya mteja aliyeipenda kuliko gari lenyewe, akitaka kava, mabano na puli zote zipakwe upya. Kazi ya kuchubua rangi ya zamani nikapewa mimi. Siku ya kwanza nilishika mabano ya jenereta, chuma kizito chenye rangi nyeusi iliyokuwa ikibanduka vipande vipande. Nikaichanganya kostiki soda kwenye dramu la plastiki kama nilivyoelekezwa: kostiki ndani ya maji, kamwe si maji juu ya kostiki, glavu ndefu na miwani muda wote. Nikayazamisha. Kesho yake rangi ilikuwa imelegea kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Nikasuuza, nikapitisha brashi ya waya, chuma kikabaki kitupu na cha kijivu, safi kabisa. Niliyashika yale mabano juu juani na kuyageuza pande zote. Sijui kama nimewahi kuifurahia kazi ya mikono yangu kiasi kile.

Basi nikaichukua kava.

Ilikuwa nyepesi. Wepesi ule ungetosha kunisimamisha. Ilikuwa na rangi nyekundu iliyofifia, na juu yake namba zilizoinuka za mpangilio wa kuwaka kwa silinda, 1-3-4-2, ambazo mteja alisema anataka zionekane wazi. Nikaishusha dramuni taratibu, maji yasinirukie.

Mwanzo palikuwa kimya. Kisha vipovu vyembamba vikaanza kupanda kutoka pembeni, pale rangi ilipokuwa imechubuka. Nikainama nitazame. Vipovu vikawa mistari, mistari ikawa povu, na mlio ukaanza, mlio mwembamba wa kitu kinachokaangwa. Nikafurahi. Nasema hivi kwa sababu ndiyo sehemu inayonirudia: nilifurahi. Nilidhani ni rangi inang'oka. Nikaona vipande vyekundu vikielea, nikajiambia dawa inafanya kazi haraka kuliko jana. Nikaweka mkono wenye glavu ubavuni mwa dramu, nikakuta pamepata joto. Jana dramu lilikuwa limeshapoa nilipoweka mabano. Leo lilikuwa linapashwa na kitu kilichokuwa ndani yake.

Bado sikuitoa. Nilisimama pale nikitazama, povu likipanda na kugeuka kijivu, mvuke mkali ukinikwaruza koo, na ndani yangu kitu kikiniambia itoe, na kingine kikisema subiri kidogo, rangi bado imebaki katikati. Sijui ni dakika ngapi. Nikikumbuka huwa naziona nyingi.

Kilichonishtua ni sauti ya mzee nyuma yangu. Hakupiga kelele. Alisema, "Mwanangu, hiyo ni alumini."

Nikaitoa kwa kulabu. Ilikuwa nyeusi, weusi wa masizi unaotoka na kidole. Tulipoisuuza kwa maji mengi tukaona: kostiki haikuila rangi peke yake, ilikuwa inaila kava. Vile vipovu vilikuwa hidrojeni, gesi inayoshika moto, nami nilikuwa nimeviinamia. Namba 1-3-4-2 zilikuwa zimelainika kama maandishi kwenye kipande cha sabuni kilichotumika. Sehemu inayokaa gasketi ilikuwa na mashimo madogo kila mahali.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mteja aliambiwa ukweli siku hiyohiyo, na mimi ndiye niliyemwambia. Kava nyingine ikapatikana, na mzee akaisimamia hatua kwa hatua. Tulitoa kwanza bati la ndani lililofungwa kwa riveti, kwa sababu shanga za kioo, zile punje ndogo zinazopigwa kwa hewa kusafishia, zikijificha nyuma yake zitateremka na mafuta mpaka kwenye beringi za krenki na kuzisaga. Tukatumia dawa ya kuchubua inayofaa alumini na kikwanguo cha plastiki. Tukaziba matundu, tukapiga shanga za kioo kwa presha ndogo. Baada ya hapo hakuna kuishika kwa mkono mtupu, maana hata jasho la vidole huonekana chini ya rangi. Kisha oveni, moshi, harufu hii hii.

Jioni ile mzee alinipa kipande cha sumaku kilichotoka kwenye spika iliyokufa. "Kabla ya dawa yoyote," akasema, "kiulize chuma ni nani." Halafu, akinawa mikono, bila kunitazama: "Nilikuona ulipopita na ile kava."

Sikumwuliza. Huenda alidhani naipeleka kuoshwa. Huenda aliona dramu, akaelewa, akaniacha nifike mwenyewe, akaja pale tu alipoona nimeinama juu ya mvuke. Kava ile ilikuwa ya mtu, haikuwa ya kufundishia, na mzee hakuwa mtu wa kuchezea mali ya watu. Ndiyo maana siamini kwamba aliniacha makusudi. Lakini alilitamka neno lile taratibu sana, na nilikuwa na miaka ya kumwuliza kabla hajatutoka, nikawa kila siku naona bado mapema.

Leo asubuhi binti yangu alikuja tena. Nilikuwa nimepanga vipande vya kazi inayofuata mezani: mabano mawili, puli, kifuniko cha cheni ya taimingi. Dramu nimelifunga kwa kufuli, kama kawaida akiwa karibu. Akauliza vipi vinaingia humo na vipi haviingii. Nikampa ile sumaku, bila maelezo.

Akaibandika kwenye bano la kwanza, ikashika. La pili, ikashika. Akayasogeza mabano upande wa dramu. Kisha, bila kupima tena, akakinyanyua kifuniko cha taimingi kwa mikono miwili, akakisogeza upande uleule.

"Chepesi," akasema.

Nilikuwa na neno mdomoni. Yeye akakishusha, akakitazama, akaiokota sumaku.